MAONI: Tukikimbia kwa ajili ya watoto, tulipie pia maswali

Fungua simu yako saa hii uhesabu. Uko kwa magrupu mangapi ya WhatsApp yenye jina la mgonjwa? Mimi niko kwa sita, na sijahesabu yale niliyotoka usiku nikidhani hakuna atakayeona. Mawili kati ya hayo sita ni ya watoto. Picha ya mtoto akitabasamu, nambari ya Paybill, emoji ya mikono ya maombi, halafu orodha ndefu: fulani Sh200, fulani Sh50, "mdau" Sh1,000.

Wakenya tunachanga. Hakuna mtu anaweza kuja kutufunza hiyo kazi. Tulizaliwa tukakuta harambee, tukahamisha kapu kutoka kanisani hadi kwa simu, na hata msee ambaye hajalipa kodi ya nyumba mwezi huu atatafuta soo moja ya mtoto wa jirani.

Sasa hapa Landless, Thika, kuna vijana wanapiga stori ya kitu tofauti. Badala ya kukaa kwa viti vya plastiki tukimsubiri mgeni wa heshima ambaye amechelewa saa tatu, tukimbie. Familia nzima. Baba na mtoto begani, mama na mapacha wake, cucu nyuma na fimbo yake akitembea pole pole na umbea wake. Kila mtu alipe kidogo, na pesa ziende kwa watoto wenye saratani.

Mimi niko ndani. Viatu ninavyo, pumzi nitatafuta. Lakini nina ombi moja, na ndilo limenifanya niandike: pesa zote zisiende kulipa bili. Sehemu yake, hata kama ni robo, iende kwa utafiti.

Najua umekunja uso. Utafiti? Mtoto amelala wadi, mamake anaosha nguo za watu apate nauli, halafu wewe unaniambia habari za maprofesa na darubini? Tulia kwanza. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sina shahada ya kukutingishia hapa. Utafiti ukiuvua koti jeupe ni kitu rahisi sana: ni kuuliza swali, kutafuta jibu, na kuliandika kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kulikagua na kulitumia. Basi.

Na ukitaka kujua kwa nini tunahitaji majibu, anza na hesabu hii. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wa kati ya umri wa sifuri na miaka 19 hupata saratani duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati, wanaopona hawafiki 30. Soma hiyo tena. Magonjwa ni yale yale. Mtoto wa Toronto na mtoto wa Makongeni wanaweza kupata saratani ile ile ya damu, wiki ile ile, na mmoja akarudi shule huku mwingine akiandikiwa tangazo la kifo.

Usiseme ni kwa sababu wazungu wana miili tofauti. Miaka ya 1940 mtoto mwenye saratani ya damu alikuwa karibu hana matumaini popote duniani, hata Marekani. Kilichobadilika ni kwamba watu waliuliza maswali, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, na kuna watu waliolipia hayo maswali.

Chukua dawa moja tu, vincristine. Ukiwahi kumsindikiza mtoto kwa kemo, kuna uwezekano mkubwa ulimwona akiwekewa. Hutumika kwa saratani ya damu ya watoto, saratani ya figo na nyingine kadhaa. Inatoka kwa ua dogo la pinki ambalo asili yake ni Madagaska, na ambalo watu hulipanda uani kama pambo tu. Katika miaka ya 1950 wanasayansi walikuwa wakilipima kwa sababu watu walisema linatibu kisukari. Kisukari halikutibu, lakini waligundua linapunguza chembe nyeupe za damu, wakajiuliza: je, kwa saratani ya damu itakuwaje? Swali hilo moja limewaokoa watoto wengi sana. Kwa hivyo ile bili tunayochangia kila wiki, kwa kiasi fulani, ni bei ya majibu ya maswali ambayo watu wengine waliuliza.

Wacha nikueleze sasa maswali ambayo hakuna mtu wa Boston atatuulizia.

Miaka michache iliyopita, kwa ploti tuliyokuwa tukiishi, kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne. Tumbo lilianza kuvimba upande mmoja. Mamake, ambaye alikuwa na kibanda cha mboga, alimpeleka kliniki. Akapewa dawa ya minyoo. Baada ya wiki kadhaa akapelekwa kliniki nyingine. Dawa ya minyoo. Mara ya tatu, bado minyoo. Ikafika mahali majirani wakaanza kusema mtoto anashiba vizuri, huo ni mwili. Siku ambayo muuguzi mmoja aliligusa hilo tumbo vizuri na kuandika barua ya rufaa, miezi ilikuwa imeenda. Ilikuwa saratani ya figo.

Tulichanga. Nakumbuka grupu lilivyojaa ndani ya siku moja. Alipata awamu ya kwanza ya dawa, akapata ya pili. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa sababu mwenye kibanda alikuwa hospitali, na bila kibanda hakuna nauli, na bila nauli hakuna awamu ya tatu. Hakuna mtu alitangaza kwamba wameacha. Waliacha tu. Asubuhi moja jina la grupu likabadilishwa kutoka "Matibabu" hadi "Mazishi", na za mazishi zikapatikana haraka kuliko za matibabu. Unajua nasema ukweli, umeliona hilo hata kwenu.

Sasa niambie. Ilichukua siku ngapi kutoka tumbo lilipoanza kuvimba hadi barua ya rufaa? Ni watoto wangapi hapa Kiambu hupewa dawa ya minyoo wakati wana uvimbe kwa figo? Ni familia ngapi huacha dawa katikati, na huacha kwa ajili ya nini hasa, pesa ya dawa ama pesa ya matatu? Hakuna mtu kwa ile ploti angeweza kujibu, na hakuna mtu alikuja kuuliza. Tulimzika mtoto, tukazika na habari zake zote. Mtoto wa pili akija na tumbo kama lile, ataanzia pale pale yule wa kwanza alianzia.

Hapo ndipo mchango wa bili unafikia mwisho wake. Mchango wa bili unamsaidia mtoto mmoja, na lazima tuendelee nao. Ila hauachi nyuma kitu ambacho mtoto wa pili anaweza kutumia.

Kuna mtu ataniambia maswali ya aina hii hayabadilishi kitu. Muulize kama anajua kilichofanyika Eldoret. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, madaktari Wakenya na wenzao wa Uholanzi walikaa chini wakafuatilia watoto wenye saratani: nani amemaliza matibabu, nani ameacha, na kwa nini. Walichopata ni kwamba watoto ambao familia zao zilikuwa na bima ya NHIF walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza matibabu kuliko wale wasiokuwa nayo. Waliandika pia kuhusu watoto kuzuiliwa hospitali kwa sababu bili haijalipwa, na jinsi hofu ya kuzuiliwa inavyofanya wazazi wasirudi. Matokeo yakachapishwa kwa jarida la kimataifa la madaktari wa saratani.

Angalia vizuri. Hakuna dawa mpya hapo. Kulikuwa na kalamu, faili za wagonjwa, simu za kupigia wazazi, na watu walioamua kwamba mtoto anayepotea lazima aulizwe ameenda wapi. Lakini baada ya hapo, hakuna mwanasiasa anaweza kusimama akuambie wazazi huacha dawa kwa sababu ya ushirikina na ujinga pekee. Leo tukigombana kuhusu SHA na kikomo cha pesa za saratani kwa kila familia kwa mwaka, tunaweza kugombana tukiwa na ushahidi. Bila huo, ni kelele za Twitter tu.

Na kama unafikiria utafiti wa saratani ya watoto ni kitu cha kigeni ambacho tunaletewa kwa ndege, nina habari kwako. Sura moja muhimu sana ya kitabu hicho iliandikwa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake kumwona mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Baadaye akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule ule. Wawili. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya. Yeye akauliza: hii kitu inapatikana wapi, na wapi haipatikani? Mwaka wa 1958 akachapisha alichokuwa ameona. Halafu akapewa pesa ya kufuatilia swali lake. Unajua alipewa ngapi? Pauni 25. Si 25,000. Akachapisha makaratasi yenye picha za watoto waliovimba, akayatuma kwa hospitali kote Afrika akiuliza: mmeona hii?

Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, wakatoka Kampala wakaelekea kusini wakisimama hospitali baada ya hospitali, wiki 10, zaidi ya kilomita 15,000. Wakirudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulifuata maeneo yenye joto na mvua, yale yale ya malaria. Ndiyo maana hata leo hapa Kenya unasikika sana Nyanza, Magharibi na Pwani kuliko huku kwetu kwenye baridi. Ugonjwa wenyewe sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, na ulikuwa kati ya saratani za kwanza ambazo madaktari waliona zikiyeyuka kwa dawa peke yake.

Mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Ndani ya ukumbi alikuwepo mtafiti anayeitwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka wa 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wamepata kirusi ndani yake, kirusi cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo kinaitwa Epstein-Barr.

Stori tamu, si ndiyo? Sasa iangalie kwa jicho la mtu wa mtaa. Ugonjwa una jina la daktari wa Ireland. Kirusi kina jina la watafiti wa London. Watoto wa Mulago waliotoa mataya yao hawana jina popote. Simlaumu Burkitt, alifanya kazi nzuri kuliko wengi. Ninachosema ni hiki: anayelipia swali ndiye anayechagua swali, na ndiye anayeamua jibu lipelekwe wapi. Tangu wakati huo tumekuwa tukitoa wagonjwa na damu ya kupimwa. Maswali yanatoka kwingine, na majibu yanaenda kusomwa kwingine, kwa lugha ambayo mama wa kibanda haisomi.

Ukitaka hilo libadilike, lazima na sisi tuweke kitu mezani. Hata kama ni kidogo. Pauni 25 zilikuwa kidogo.

Na hapa ndipo mbio zinaingia, kwa sababu sisi ni taifa la kukimbia na tayari tumeonyesha kwamba miguu inaweza kuleta pesa. Mater Heart Run imekuwa ikitoa familia nje na tisheti zao tangu miaka ya 1990, na pesa zake zimelipia upasuaji wa moyo wa watoto wa familia zisizojiweza. Mwaka wa 2014, Margaret Kenyatta akiwa mke wa Rais alianzisha mbio za Beyond Zero, akaenda akamaliza hata London Marathon, na kliniki zinazotembea zikapelekwa kwa kaunti zote 47. Kule Eldoret, hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka wa 2015 ilitokana na ndoto ya mkimbiaji, Toby Tanser, na wakimbiaji wenzake wakachanga.

Zote nazipigia makofi. Lakini ukiangalia, tumelipia upasuaji, kliniki na majengo. Swali bado hatujalilipia.

Kuna kijana aliyekimbia kwa ajili ya swali peke yake. Terry Fox, wa Kanada. Aligunduliwa na saratani ya mfupa akiwa na miaka 18, mwaka wa 1977, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Akiwa wadini aliona watoto wadogo wakiteseka kuliko yeye, na hilo halikumtoka kichwani. Tarehe 12 Aprili 1980, akiwa na mguu wa bandia, alianza kukimbia kuvuka Kanada kutoka mashariki, karibu marathoni moja kila siku. Kila siku, buda. Hakuwa anatafuta pesa za matibabu yake. Alitaka dola moja kutoka kwa kila Mkanada, na iende kwa utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi tarehe 1 Septemba saratani ilipofika kwa mapafu na ikabidi asimame. Februari 1981 zile dola zilikuwa zimefika zaidi ya milioni 24, moja kwa kila mwananchi. Alikufa Juni mwaka huo, kabla hajafikisha miaka 23. Umri wako na wangu.

Mbio za Terry Fox bado zipo kila mwaka katika nchi nyingi. Hakuna mshindi, hakuna saa ya kupima nani wa kwanza. Familia zinatembea, watoto wanasukumwa kwa vigari, watu wanakuja na mbwa wao. Ni mbio za familia kabisa, za aina ile ile tunayotaka kufanya Landless. Kwa miaka hiyo yote zimekusanya mamia ya mamilioni ya dola, na zote zina kazi moja, utafiti.

Sasa turudi mtaani, tuongee hesabu. Tuseme watu wazima 400 wanakuja, kila mmoja Sh300, watoto bure. Hizo ni Sh120,000. Robo yake ni Sh30,000. Najua unacheka. Sh30,000 haijengi maabara. Lakini inaweza kununua kredo ya kupigia familia ambazo zimeacha kuja kliniki, na nauli ya mtu wa kuzitembelea. Inaweza kumlipa kijana mmoja anayejua kompyuta kwa mwezi mmoja, akae na faili za hospitali aziingize kwa sajili ya saratani. Mtoto anayekufa nyumbani bila kupimwa hahesabiwi popote, na serikali hupangia bajeti wale waliohesabiwa.

Halafu hatuko porini. Ukishuka Thika Road kuelekea Nairobi, ukishapita Ruiru, kuna hospitali kubwa yenye kituo cha saratani. Jina lake rasmi ni Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Neno "utafiti" liko pale kwa jina. Juja kuna JKUAT. Hapa Thika kuna Mount Kenya University na Thika Level 5. KEMRI, ambayo imekuwa na sajili ya saratani, iko Nairobi. Kijana wa Landless anayetaka kuuliza swali zuri hahitaji viza.

Kabla hujatuma hiyo Sh300, kuna mambo ambayo nataka uyashikilie kwa meno.

Kwanza, hakuna mtu wa mtaa kujiita mtafiti. Huwezi kuamka asubuhi ukaanza kubisha kwa milango ya watu ukiuliza mtoto wao alikufaje. Utafiti wowote Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, na ukihusu wagonjwa lazima upite kwa kamati ya maadili. Pesa ziende kwa timu ambayo tayari inafanya kazi, na kamati ya mbio ione hizo karatasi mbili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Asiye nazo, asante, tutaonana siku nyingine.

Pili, tuache wazimu wa tisheti. Ukilipisha Sh500 na tisheti igharimu Sh400, hujafanya mbio, umeuza nguo. Rangi ya saratani ya watoto duniani ni dhahabu, na Septemba ndio mwezi wake. Fundi wa Makongeni anaweza kukata utepe wa rangi hiyo kwa bei ya sukari kidogo. Funga mkononi, kimbia. Na tukimbilie njia za ndani, si barabara ya Garissa na malori yake. Hatutaki kuokoa watoto huku tukipoteza wengine.

Tatu, na hili ndilo muhimu kabisa: jibu lirudi. Anayepewa pesa zetu aje asimame mbele yetu baada ya mwaka, kwa Kiswahili, atuambie alichopata. Hata kama ni kidogo, hata kama ni "bado tunatafuta". Cucu aliyetembea na fimbo ana haki ya kusikia pesa yake ilijua nini.

Najua kuna ambaye bado ananing'ang'ania: mtoto wa leo analia, wewe unaongea kuhusu mtoto wa kesho. Ni pingamizi nzito, na sitaki kuikwepa. Mzazi ambaye mtoto wake anahitaji dawa Jumatatu hana nafasi ya kusikiliza habari za sajili, na mimi siwezi kumwambia angoje. Ndiyo maana nimesema robo. Robo tatu ziende pale pale tumekuwa tukipeleka, kwa bili, kwa nauli, kwa chakula cha mama anayelala chini ya kitanda cha wadi. Lakini tukikataa hata hiyo robo, tumeamua kwamba mwaka ujao tutakuwa tukilipia kosa lile lile, kwa mtoto mwingine, kwa Paybill nyingine.

Na kuna jibu ambalo tayari lipo, la bure, ambalo unaweza kuanza nalo leo. Kuna saratani ya jicho inayopata watoto wadogo, inaitwa retinoblastoma. Mara nyingi dalili yake ya kwanza huonekana kwa picha: ukimpiga mtoto picha kwa simu na flashi ikiwa imewashwa, badala ya ule wekundu wa kawaida, mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe kama ya paka usiku. Ukiiona hiyo, usiseme tu ni kichujio ama kamera mbovu. Mpeleke mtoto kwa daktari wa macho haraka, kwa sababu ikishikwa mapema inatibika. Vivyo hivyo uvimbe usioeleweka, homa isiyoisha, mtoto kupauka na kuvilia damu ovyo. Una picha ngapi za wapwa wako kwa simu? Hebu ziangalie. Hiyo dakika moja imewezekana kwa sababu mtu aliwahi kuuliza, akaandika, na jibu likafika hadi kwako.

Kwa hivyo mkutano wa kupanga mbio ukiitwa, usitume mtu. Nenda mwenyewe. Ngoja wamalize kubishana kuhusu di-jei na maji ya chupa, halafu uinue mkono uulize mambo matatu: robo ya utafiti inaenda kwa nani, karatasi zake ziko wapi, na ni tarehe gani tutakuja kusomewa jibu? Wakikujibu vizuri, lipa Sh300 zako, na utafute mtu mwingine wa kuja naye. Wakikosa jibu, usiondoke. Kaa hapo hadi walipate.